Diski ya makelele: Public Enemy mwaka 1988 na mambo iliyoacha nyuma yake

Msomaji aliyezoea kukuta ndani ya kitabu hiki mambo ya kasala, ya mahari ao ya ngoma za wafalme atajiuliza diski ya rap ya Wamarekani inatafuta nini hapa. Ni haki yake kujiuliza. Lakini vijana wetu wa Katuba na Kamalondo wanapokata kipande cha wimbo wa zamani ndani ya ordinatere na kuweka maneno yao juu yake, wanafwata njia ambayo wengine walifungua mbele yao, na njia ile ina historia, ina wafu wake na ina deni zake. Tena inagusa swali ambalo wazee wetu walilijua vizuri: mtu akichukua sauti ya aliyemtangulia na kuifanya mpya, ni mwizi ao ni mrithi?

Diski yenyewe inaitwa It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back. Kwa Kiswahili chetu ni kusema kwamba inaomba taifa zima la mamilioni ya watu kusudi kutuzuia. Ilitoka katikati ya mwaka 1988, chini ya Def Jam, na kundi lililoipiga ni Public Enemy, maana yake adui wa watu wote. Ilikuwa diski yao ya pili. Ya kwanza, ya 1987, ilisikilizwa kidogo tu.

Watu wengi wanafikiri kwamba rap ni kazi ya watoto wa barabarani waliokosa masomo. Hawa hawakuwa vile. Chuck D, jina lake la kuzaliwa Carlton Ridenhour, alisomea sanaa ya kuchora katika iniversite ya Adelphi, kwenye kisiwa cha Long Island, karibu na New York. Pale pale alikutana na radio ya wanafunzi, WBAU, na ndugu wawili, Hank na Keith Shocklee, waliokuwa na vyombo vya kupigia mziki katika sherehe. Karibu yao alikuwako Eric Sadler, aliyejua gitari na kinanda kwa kweli. Hao wanne wakajiita Bomb Squad, na hao njo wapishi wa diski hii. Mbele ya mikro, Chuck D alisimama na sauti yake nzito kama ya pasta, na pembeni yake Flavor Flav, mwenye saa kubwa shingoni, akicheka, akiitikia, akimkata maneno. Nyuma walikuwa Terminator X kwenye meza ya diski, na Professor Griff pamoja na vijana waliovaa sawa maaskari.

Sura ile ya wawili, mmoja mwenye kusema mambo mazito na mwingine mwenye mchezo, si ngeni kwetu. Anayeimba kasala hawezi kwenda mbali bila mtu wa kumwitikia. Sisemi kwamba Flavor Flav alijifunza kwa Waluba. Nasema tu kwamba mtu wa kwetu akimsikia, hapotei.

Sasa makelele. Mzee mmoja aliyesikilizishwa diski hii aliuliza kama radio imeharibika, na hakuwa mbali na ukweli: Bomb Squad walitaka mtu asikie vile. Hank Shocklee hakujifunza mziki shuleni, na alijivunia jambo hilo. Sadler alipokuwa akipanga sauti kusudi zikubaliane, Hank alizivuruga tena. Waliweka kipande cha diski moja juu ya kipande cha nyingine, kisha juu ya cha tatu, vyote vikitembea kwa wakati mmoja bila kuwa kwenye noti moja. Mluzi ule mkali unaorudi na kurudi katika wimbo Rebel Without a Pause, unaofanana na maji yanayochemka ndani ya birika, ni saksofoni. Umekatwa kutoka The Grunt, wimbo wa 1970 wa J.B.'s, bendi ya James Brown. Katika wimbo wa kawaida, sauti ya namna ile inapita mara moja tu. Wao waliifanya kuwa ukuta.

Masini zenyewe zilisaidia. Moja yao, SP-1200 ya kampuni ya E-mu, ilitoka 1987, na kumbukumbu yake yote ilikuwa ya sekunde kumi hivi. Sekunde kumi, msomaji! Kwa hiyo watu walioitumia walivumbua hila: diski ya mwendo wa 33 wanaipiga kwa mwendo wa 45 inapoingia, kisha ndani ya masini wanarudisha mwendo chini. Nafasi inapatikana, lakini sauti inatoka chafu, yenye mchanga ndani yake. Mwalimu wa mziki angesema ni kosa. Wao walisikia kwamba ule mchanga njo utamu wenyewe.

Hapa naomba ruhusa nisimame kidogo, kwa sababu ni pahali ambapo sisi Wakongomani tunaweza kuelewa kuliko Wazungu wengi walioandika juu ya diski hii. Katika inchi yetu, fundi wa likembe anaweka vipete vidogo vya chuma kwenye funguo kusudi zinguruke. Fundi wa madimba anatoboa kibuyu na kufunika tundu kwa utando mwembamba, mara nyingi ule wa kifuko cha mayai ya buibui, na kila ubao unapopigwa, kibuyu kinazizima. Sauti safi peke yake kwao ni sauti iliyo uchi. Wamisionari wa kwanza walidhani vyombo vile vimepasuka. Na watu wa Konono No 1 kule Kinshasa, chini ya mzee Mawangu Mingiedi aliyefariki mwaka 2015, walipotia likembe ndani ya vipaza sauti walivyotengeneza wenyewe kwa vipande vya magari ya zamani, makelele yaliyotoka hawakuyafukuza, waliyakaribisha. Diski yao Congotronics ilipotoka Ulaya mwaka 2004, wapenzi wa mziki mkali wa kule waliipokea kama kitu kipya kabisa. Kwetu ilikuwa kazi ya miaka mingi.

Hata hivyo tusidanganyane: makelele ya Public Enemy hayakutoka katika vibuyu. Yalitoka katika New York ya wakati ule. Mwezi wa kumi na mbili 1986, katika mtaa wa Howard Beach, kundi la vijana weupe lilimfukuza kijana mweusi Michael Griffith mpaka barabara kubwa, gari likamgonga akafa. Mwaka ule ule bunge la Marekani lilipitisha sheria juu ya madawa ya kulevya: gramu tano za crack, dawa iliyouzwa katika mitaa ya maskini, zilimpa mtu kifungo sawa na gramu mia tano za cocaine ya unga, iliyopendwa na matajiri. Moja kwa mia. Hesabu ile haikupunguzwa mpaka mwaka 2010, na hata pale ilibaki moja kwa kumi na nane. Crack yenyewe ilikuwa inakula familia. Wimbo Night of the Living Baseheads ni juu ya watu hao waliogeuka maiti zinazotembea, na hausemi paka juu ya serikali: unawashutumu vilevile weusi wanaowauzia weusi wenzao. Unaanza na sauti ya mhubiri Khalid Abdul Muhammad akikumbusha kwamba watumwa walinyanganywa majina yao, lugha yao, dini yao. Sisi tulioishi wakati wa authenticité, tuliobadilishwa majina kwa amri mwaka 1972, tunasikia maneno yale kwa sikio la namna nyingine. Kule mtu alikuwa anatafuta jina lililopotea. Kwetu tulilazimishwa kulipata.

Nyimbo nyingine ni za namna hiyo. Moja inahadisia mtu aliyepata barua ya kuitwa jeshini, akakataa, akafungwa, na kisha akapanga kutoroka gerezani pamoja na wenzake. Nyingine ni juu ya polisi ya FBI inayosikiliza simu za watu. Katikati ya nyimbo waliweka makelele ya watu wa London, yaliyokamatwa katika tamasha lao la mwezi wa kumi na moja 1987, kusudi Wamarekani wasikie kwamba kundi wanalolidharau nyumbani linashangiliwa ngambo. Chuck D alisema alitaka kutoa diski ambayo kwa rap ingekuwa sawa na What's Going On ya Marvin Gaye, iliyotoka 1971: diski nzima yenye neno moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Watu wa radio hawakuipenda. Lakini waandishi wa magazeti ya Marekani, katika kura ya gazeti Village Voice, waliichagua kuwa diski ya kwanza ya mwaka 1988, na mwaka 1989 ilipita milioni moja ya kuuzwa. Gazeti Rolling Stone, lilipoandika orodha yake ya diski 500 zilizo bora, liliiweka namba 48 mwaka 2003, kisha mwaka 2020 likaipandisha mpaka 15. Mimi siabudu orodha za namna hiyo. Lakini ni ajabu kuona kitu kikizeeka na kupanda bei, pahali ambapo vitu vya wakati ule vingi vimeshuka.

Na kweli matunda yake yalitoka upesi, tena katika mashamba ambayo hawakuyapanda wao. Ice Cube alipotoka katika kundi la N.W.A, alipanda ndege kutoka Los Angeles kuwafwata Bomb Squad New York, na diski yake ya 1990 ilipikwa nao. Kundi la Anthrax, la gitari kali, lilirudia Bring the Noise pamoja na Chuck D mwaka 1991. Na hiyo ilikuwa kama kurudisha heshima, maana tayari katika diski ya 1988 Public Enemy walikata kipande cha Slayer, kundi lingine la mziki huo. Tricky, Mwingereza, mwaka 1995 aliuchukua ule wimbo wa mfungwa akaupatia mwanamke auimbe polepole, na hasira yake ikawa baridi, ya kutisha zaidi. Wale waliokuja nyuma na rap chafu kabisa, Company Flow mwaka 1997, Death Grips mwaka 2012, hata Kanye West na Yeezus yake ya 2013, wote walipita mlango uliokwisha kufunguliwa.

Kwa upande wetu mambo yalipitia Ufaransa. Vijana wa NTM, walipotoa diski yao Authentik mwaka 1991, walionyesha wazi wamejifunza wapi: mavazi, sauti ya kupaza, hasira juu ya polisi. Katika vitongoji vile vile vya Paris walikuwako watoto wa Kongo zote mbili. Passi, aliyezaliwa Brazzaville mwaka 1972, alianza kwa rap ya vita katika Ministère A.M.E.R., kisha akakusanya ndugu zake katika Bisso Na Bisso, na diski yao Racines ya 1999 ilifanya kwa rumba kazi ile ile ambayo wa New York waliifanya kwa James Brown: kukata sauti za wazazi na kuwasemesha tena. Vijana wetu wengi walisikia rap kwa Kifaransa kwanza, na hawakujua kwamba babu yake alikuwa anasema Kiingereza cha Long Island.

Na babu wa babu alikuwa amefika hapa hapa! Mwezi wa tisa 1974, James Brown na J.B.'s walipiga Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai, wiki chache mbele ya pigano la Ali na Foreman, pamoja na Franco na Tabu Ley. Bendi ya The Grunt ilikuwa imekwisha kubadilisha wapigaji wengi tangu 1970, lakini jina ni lile lile na mwendo ni ule ule. Kwa hiyo Kinshasa iliusikia mtindo ule ukipigwa uso kwa uso miaka kumi na nne mbele ya Bomb Squad kuufanya ukuta.

Nisifiche mabaya. Mwezi wa tano 1989, Professor Griff alisema na gazeti Washington Times maneno mabaya sana juu ya Wayahudi. Chuck D alisitasita, akamtoa, akasema na hivi na vile, na kwa muda fulani kundi lilikaribia kufa. Watu waliokuwa wanalilia haki yao walikuta wenzao wanadharau haki ya wengine, na hakuna mziki unaofuta jambo hilo. Tena wimbo wao juu ya mwanamke anayetazama televizyo mchana kutwa ni wa kiburi. Wanaume katika diski ni manabii, mwanamke ni mjinga. Walioipenda wakiwa vijana wanapoisikiliza leo, wanapafika pale na kunyamaza.

Nirudie swali la mwizi na mrithi, kwa sababu njo hapo diski hii iliacha jeraha. Ndani yake kuna wimbo ambamo Chuck D anajiona amekamatwa na kupelekwa mbele ya tribinali juu ya kuiba sauti. Alicheza na wazo hilo mwaka 1988. Miaka mitatu tu nyuma, mwezi wa kumi na mbili 1991, hakimu mmoja wa New York, Kevin Duffy, alimhukumu Biz Markie, mwimbaji wa rap aliyechukua kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na hukumu yenyewe aliifungua kwa amri ya Biblia ya kukataza wizi. Tangu siku ile kila kipande, hata cha sekunde moja, kikawa na avoka wake na bei yake. Diski yenye vipande kumi ao zaidi katika wimbo mmoja ikawa kitu cha mamilionea. Public Enemy wenyewe walibadilisha namna yao ya kupika. De La Soul, waliotoa diski yao ya kwanza 1989 kwa namna ileile ya kukatakata, walikaa miaka na miaka nyimbo zao zikikosekana kwenye intaneti juu ya shida za ruhusa. Zilifika kule mwezi wa tatu 2023 tu.

Kichekesho ni hiki. Mwaka 1990 Madonna alitoa wimbo Justify My Love, ukauzwa sana, na ngoma yake ilikuwa imetolewa katika kipande kifupi cha diski hii yetu. Hank Shocklee akalalamika! Lakini hata kipande kile hakikuwa chake kabisa: kilikuwa kimejengwa juu ya Funky Drummer ya James Brown. Na Funky Drummer nani aliipiga? Clyde Stubblefield, mwaka 1969, katika studio ya Cincinnati. Ngoma yake imekatwa na kutumiwa katika nyimbo nyingi kupita hesabu, ikiwemo Rebel Without a Pause, ambayo inasemekana Flavor Flav aliipiga kwa vidole juu ya masini kutoka mwanzo mpaka mwisho kusudi isisikike kama kitu kinachozunguka. Sheria haikumtambua Stubblefield kuwa mtungaji. Jina kwenye karatasi lilikuwa la James Brown. Aliishi Madison, katika jimbo la Wisconsin, akipiga ngoma katika vilabu, na alifariki mwezi wa pili 2017. Alikuwa akisema kwamba hakudai sana makuta. Alitaka jina lake litajwe.

Njo maana sikubali kabisa na wale wanaosema kwamba sheria ya 1991 iliwalinda wazee wa mziki. Iliwalinda wenye makaratasi. Lakini sikubali vilevile na vijana wanaosema kwamba sauti ikishatoka hewani ni ya kila mtu. Kwa Waluba, watu wa Mbudye walitunza historia ya ufalme katika lukasa, ubao mdogo wenye shanga na konokono, na aliyeusoma kwa vidole aliweza kupanga habari upya kila mara kufwatana na waliomsikiliza. Uhuru ulikuwa mkubwa. Hata hivyo si kila mtu alishika lukasa: ilimpasa mtu aingizwe, afundishwe, ajue kila shanga ni ya nani. Bomb Squad walijua kila shanga. Keith Shocklee alikuwa anatambua diski kwa sekunde mbili. Mtoto anayekamata kipande leo kwenye simu bila kujua kama kilipigwa na nani hawezi kutaja jina, hata akipenda.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco na gitari yake barabarani katika mji wa Jadotville, ambayo ni Likasi ya leo, akakamata wimbo Masanga. Vidole vile vimejifunzwa na wapiga gitari wa inchi nyingi. Kama kijana wa Likasi anataka kukata sekunde mbili zake, sauti zilizokamatwa na Tracey zinatunzwa katika ILAM, kule Makhanda, Afrika ya Kusini, na barua inaweza kuandikwa. Lakini aanze na jamaa ya Mwenda, maana wako hapa hapa karibu.